Waya Niliouacha Bila Kishikizo

Jumamosi jioni, Samuye.

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na tangu saa tatu jua limewaka kana kwamba halikusikia habari yoyote. Uwanja umekauka juu tu. Ukikanyaga, tope jeusi linapanda hadi kwenye kandambili. Mikono yangu ina grisi ambayo sabuni ya unga imeshindwa kuitoa. Kioo cha simu kimechafuka chote kwa kuandika hivi.

Sijaandika hapa kwenye blogu kwa karibu wiki mbili. Leo kuna jambo nimelisema kwa mdomo mara mbili, kwa watu wawili, na mara zote mbili nilihisi nimebakiza kitu. Huenda maandishi yakalimaliza.

Mke wangu amelazwa na paja lililovunjika. Aliyefunga gurudumu la pikipiki iliyomwangusha ni mimi.

Nieleze kwa utaratibu, maana kichwa changu leo hakina utaratibu. Mke wangu anaitwa Kabula. Hapa kijijini ni Mama Minza, kwa jina la binti yetu. Ni muuguzi wa zahanati ya kijiji cha jirani, na pikipiki ni yake. Aliinunua kwa fundi umeme mmoja wa mgodini, kule Bugarama, aliyekuwa anahama kurudi kwao. Mafundi wa hapa kituo cha basi wanaiita "pikipiki ya mgodini" na wengi hawapendi kuigusa, kwa sababu gurudumu lake la mbele lina breki za ABS.

Kwa asiyezijua: ukibana breki ya kawaida ghafla, gurudumu hujifunga, tairi ikaanza kuteleza, na ukishateleza usukani hauna kazi tena. Kwenye ABS kuna kidude cheusi kidogo, hakizidi kifuniko cha kalamu, kinaitwa sensa. Kinatazama pete ya chuma yenye matundu inayozunguka pamoja na gurudumu. Kikiona gurudumu linataka kusimama wakati pikipiki bado inakwenda, breki inalegezwa na kubanwa tena, haraka haraka, mpaka usimame salama. Na habari yote hiyo inapanda juu kwa waya mmoja mwembamba.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Msuguano nimeufundisha miaka kumi na miwili. Hilo ndilo lililonitia kiburi.

Wiki saba zilizopita tairi ya mbele ilikuwa imekwisha, nikaamua kulifungua gurudumu mwenyewe, hapa hapa nyuma ya nyumba. Nilitazama video kwenye simu siku mbili. Nikaisimamisha pikipiki kwenye stendi yake, nikaweka gogo chini ya injini, nikafungua nati ya ekseli, nikatoa kalipa, ile inayobana diski, nikaitundika kwa kamba isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki. Niliiondoa sensa taratibu. Nikawakataza watu wote wa nyumbani kugusa mkono wa breki gurudumu likiwa nje, maana pedi zikisukumwa bila diski katikati, kuzirudisha ni kazi. Nilifanya kila kitu kama mwanafunzi wa kwanza darasani.

Nilipomaliza kurudishia, kuna kitu kilibaki chini kwenye gunia. Kibati kidogo kilichokunjwa, na bolti yake ndogo, namba nane.

Nilikitazama. Niliizunguka pikipiki mara mbili nikitafuta kinapokaa, sikupaona. Pikipiki iliwaka, breki ilishika, taa ya njano ya ABS ilizimika baada ya mita chache kama inavyotakiwa. Nikakitupia kibati ndani ya kopo la chaki. Jioni hiyo nikaandika hapa kwenye blogu makala ndefu, na picha, jinsi mwalimu alivyofungua gurudumu la ABS kwa spana tatu. Mlinisifu. Sikutaja kile kibati.

Alhamisi moja, wiki tano baadaye, Kabula alirudi kazini nikiwa mezani ninakula. Aliweka kofia ngumu kwenye kiti akasema ile taa ya njano leo haikuzimika njia nzima, akaanza kuniuliza kwa nini. Nikamwambia ni tope limeziba sensa, haina neno, breki zenyewe zipo, nitaifuta Jumamosi. Sikuinua hata macho kwenye sahani.

Jumamosi ilifika. Nililala hadi saa nne, nikanywa chai, nikaenda kukaa na wenzangu kituoni kuzungumzia mpira hadi jua likapungua.

Jumanne asubuhi kulikuwa na manyunyu. Kwenye mteremko kabla ya daraja, njiani kwenda zahanati, ng'ombe walikatiza lami. Kabula akabana breki. Mchungaji aliyekuwa na wale ng'ombe ndiye aliyenisimulia, kwa sababu yeye na dereva wa bajaji ndio waliomwinua. Alisema gurudumu la mbele lilisimama kabisa, halikuzunguka, pikipiki ikaenda ubavu kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, na mama akabaki chini yake.

Siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama hospitalini mjini Shinyanga nikisubiri picha ya mfupa, nilikumbuka kopo la chaki. Sikuwa nimeona chochote bado. Nilijua tu.

Nikanyamaza.

Mama yangu alikuja kutoka Salawe kesho yake kutusaidia na mtoto. Ni mama mwema, lakini pikipiki ile hajawahi kuipenda. Siku ya kwanza tu hospitalini alisimama miguuni mwa kitanda akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, kwamba mwanamke mwenye mtoto hana kazi na pikipiki ya kiume, kwamba huo ni uzembe, kwamba angekuwa anakwenda pole pole angewaona ng'ombe. Wodi nzima ilisikia. Kila siku amerudia, kwa maneno tofauti kidogo. Kabula alikuwa anatazama dari. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya uji.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Masanja, fundi wa hapa kituoni, nikamwuliza kama kwa kupita tu: je, ABS ikifa, mtu huanguka? Akacheka. Akasema wengi wetu tunaendesha bila hiyo ABS tangu tuzaliwe, na hatujafa. Nikarudi na jibu hilo mfukoni kama dawa. Nililitumia siku mbili. Kisha nikakumbuka aliyemfundisha Kabula kuendesha pikipiki ile. Ni mimi, kwenye uwanja wa shule. Alikuwa anaogopa kubana breki ya mbele. Nikamwambia, "Wewe bana yote, usiogope. Hii inajua kujizuia yenyewe."

Kwa hiyo hata mlango huo umefungwa.

Jana jioni nilimkuta amelala ubavu kidogo, kadiri uzito uliofungwa mguuni ulivyomruhusu. Akaniambia, taratibu kabisa, niiuze pikipiki. Akasema amefikiri, kwamba mama yangu anasema kweli, kwamba yeye Kabula si mtu wa pikipiki. Akasema akipona ataomba ahamishiwe kituo kisicho na safari za vijijini. Hizo safari za vijijini, za kupima watoto uzito na kuwachanja chini ya mti wowote uliopo, ndizo anazozipenda kuliko kitu kingine katika kazi yake. Alipozisema macho yake hayakuwa na kitu ndani.

Nilimwambia alale. Ndicho nilichomwambia. Alale.

Leo asubuhi Mama alipokwenda kisimani na Minza, nilitoa turubai juu ya pikipiki kwa mara ya kwanza tangu iletwe. Upande wa kushoto umekwaruzika wote, kioo kimoja hakipo. Nikafanya yale yale ya wiki saba zilizopita: stendi, gogo, nati, kalipa, kamba. Spana iliniponyoka mara mbili.

Sikuhitaji hata kulitoa gurudumu lote. Nililitoa kwa sababu nilitaka nione bila kubahatisha. Waya wa sensa unashuka nyuma ya shokapu ya mbele, na katikati ya safari yake kuna tundu dogo la bolti kwenye chuma. Tundu la namba nane. Wiki saba zilizopita lilikuwa limejaa tope, ndiyo maana sikuliona, na sikuliona kwa sababu sikulisafisha. Pale ndipo kibati kinapokaa na kuushika waya usiisogelee tairi. Bila hicho, waya umelegea, umeinama ndani, na tairi imeusaga kidogo kidogo, wiki tano, mpaka nyuzi za shaba zikatokeza na kukatika. Pembeni ya tairi kuna mstari uliong'aa, mwembamba kama uzi, mzunguko mzima.

Nilikaa chini kwenye tope.

Sasa niandike na hili, ingawa hakuna aliyeliona. Nilikwenda ndani nikachukua tepu nyeusi ya umeme. Nikaunganisha nyuzi, nikazizungushia tepu, nikakitoa kibati kwenye kopo la chaki nikakifunga mahali pake kwa bolti yake. Nikafuta ule mstari kwenye tairi kwa kitambaa chenye petroli. Ilionekana safi. Mtu yeyote angekuja kuitazama angesema pikipiki hii haina kosa, dereva ndiye aliyekosea.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kuku walikuja wakanizunguka wakaondoka. Nilikuwa ninamfikiria Kabula akiwa kituo fulani mjini, anaandika majina kwenye daftari dirishani, anaamini mpaka uzeeni kwamba hajui kushika breki. Na mimi nipo nyumbani, nakula chakula chake, ninajua.

Nikaitoa tepu, nikakifungua kibati. Nimekiweka mfukoni, hapa nilipo ninacho.

Kabla ya kuondoka kwenda hospitalini nilifungua ile makala yangu ya zamani. Chini yake kuna msomaji wa Kahama aliyeandika kwamba alifuata hatua zangu na yake imekwenda vizuri. Nimemwandikia aende akaangalie waya wake leo, asingoje. Na juu kabisa ya makala nimeandika kwamba ina kosa lililomvunja mtu. Kama uliifuata, simama sasa hivi usome: ukimaliza kurudishia gurudumu, waya wa sensa uwe umeshikwa kila mahali ulipokuwa umeshikwa mwanzo, usiguse tairi hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Bana breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla hujapanda. Kikibaki kitu chini, kazi haijaisha, hata kama pikipiki inatembea. Na taa ya njano ikikataa kuzimika, usimsikilize mtu anayekujibu huku anakula.

Saa sita niliingia wodini.

Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi. Yalinitoka yote mlangoni. Kabula alikuwa anachana nywele zake kwa mkono mmoja. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama Minza, leo nimefungua gurudumu la mbele."

"La kazi gani? Si nimekwambia uiuze."

"Waya wa sensa umekatika. Umesagwa na tairi. Kuna kishikizo chake sikukirudisha siku ile nilipobadilisha tairi."

Kitana kilisimama kichwani mwake.

"Ile taa," akasema.

"Ile taa."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulinijibu kabla sijamaliza kusema. Ulisema ni tope." Akakitoa kitana kichwani. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. Neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni, na lisingekuwa uongo kamili. "Waya nimeuona leo. Lakini kishikizo nilijua kimebaki tangu siku ile ile. Ulipoanguka, nilijua. Nilikuwa nimesimama pale kwenye chumba cha picha, nikajua."

Mama wa kitanda cha jirani aligeuza uso ukutani, kwa adabu.

Nilitegemea alie, au apandishe sauti. Kabula alikiweka kitana juu ya shuka, akakilinganisha na mstari wa shuka, kama mtu anayepanga vifaa kabla ya kazi.

"Siku kumi mama yako ananisema hapa mbele ya watu," akasema. "Na wewe umesimama hapo na chupa ya uji."

"Ndiyo."

"Nimeanza kumwamini, Baba Minza. Jana usiku nimelala hapa narudia breki ile. Narudia. Natafuta nilipokosea mkono." Aliinua mkono wake wa kulia, akaukunja taratibu hewani kama anayebana breki, akautazama. "Nilibana kama ulivyonifundisha."

Hapo mimi ndiye niliyelia. Sijivunii, na haikumsaidia. Alinisubiri nimalize, kama anavyowasubiri wagonjwa.

"Nenda nyumbani," akasema. "Mwambie mama yako kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

"Nitamwambia. Kesho nikija nitakueleza—"

"Kesho usije kunieleza. Kila ninachokuuliza una jibu. Nimechoka na majibu yako."

Kisha akafumba macho, na nikajua mazungumzo yamekwisha.

Njia nzima ya kurudi sikuona kitu. Kondakta alinigusa bega mara mbili nilipofika Samuye.

Mama alikuwa kivulini mwa nyumba anachagua choroko kwenye ungo, Minza yuko kwa jirani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mgonjwa. Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitaanza na habari za hali ya hewa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, tangu kibati mpaka taa mpaka uwanja wa shule. Nilimwambia na habari ya tepu nyeusi, ambayo hata Kabula sijamwambia bado.

Mkono wake ulikuwa unaendelea kutoa mawe kwenye choroko. Nilipofika kwenye tepu ukasimama.

"Kwa hiyo mkamwana wangu hakukosea."

"Hakukosea, Mama."

"Na mimi nimemwita mzembe."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo ukanisikia."

"Nilikuwepo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mama yangu ana umri ambao macho yake yamepauka kidogo pembeni, na sijawahi kutazamwa nayo vile tangu nilipokuwa mtoto nikapoteza ndama.

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Nilidhani ataniambia yamekwisha, ni ajali, kila mtu hukosea. Nilikuwa nalitaka neno hilo kuliko maji. Hakulisema. Alisema, "Umenifanya nimpige mtu aliyelala chini."

Kisha akarudi kwenye choroko zake. Akasema kesho asubuhi atakwenda hospitalini. Nikasema nitampeleka. Akasema nisimpeleke, bajaji zipo, na atakwenda peke yake kwa sababu anayo maneno ya kumwambia mkamwana wake ambayo si ya kunisikilizisha mimi.

"Anapenda uji gani?" akaniuliza. "Siku zote hizi nampikia wa mtama, anakunywa nusu."

Miaka minane ya ndoa. Nikatafuta kichwani, nikakuta ninajua anavyokunywa chai, ninajua upande wa kitanda anaolala, lakini uji, sijui. Sijawahi kumwuliza.

"Sijui, Mama."

"Basi nitamwuliza mwenyewe."

Gurudumu limeegemea ukuta ninapoandika. Sitalirudisha mimi. Kuna fundi mjini mwenye kifaa cha kusoma breki za aina hii. Nitaipeleka pikipiki kwake juu ya gari, na sitaiuza mpaka mwenye pikipiki aseme tena kwamba anataka iuzwe, akiwa anajua anachokijua sasa.

Jumatatu saa mbili asubuhi wanamwingiza kwenye upasuaji, wamwekee chuma. Daktari amesema mguu huenda ukarudi kama zamani, huenda ukapungua kidogo. Nimelirudia neno hilo "kidogo" mchana kutwa na bado silijui urefu wake.

Je, mtu husamehewa jambo ambalo alilinyamazia akiwa amesimama karibu kiasi kile?

Kesho Mama atatangulia. Mimi nitafuata saa ya kuona wagonjwa ikifika, nitakaa kwenye kile kiti, na Kabula akinyamaza nitanyamaza naye. Akiniambia niondoke, nitatoka nikakae kwenye benchi la nje, pale kwenye korido, mpaka Jumatatu wamwingize, na mpaka wamtoe.